Katpadi Junction: kufika Vellore na kurudi kwa treni ukiwa na mgonjwa

Ukiandika "Vellore" kwenye ukurasa wa tiketi za reli ya India, utaletewa stesheni iitwayo Vellore Cantonment na treni chache za kuhesabu kwa vidole. Wengi wetu huishia hapo. Wanaamini Vellore haifikiki kwa reli, wanakodi teksi kutoka Chennai, basi. Kumbe treni zipo tele, usiku na mchana, ila stesheni yake ina jina jingine: Katpadi.

Mwongozo huu ni wa anayempeleka mgonjwa hospitali ya CMC, ile iliyoanzishwa na Dkt. Ida Scudder mwaka 1900 kwa kitanda kimoja tu, ambayo leo Waswahili wengi wanaitaja kwa jina la mji, "Vellore". Mambo ya viza na miadi nayaacha. Ninachotaka ni ushuke Katpadi salama, na siku ya kurudi upande treni bila kukimbia. Hilo la pili ndilo gumu, kwa hiyo nitakaa nalo zaidi.

Kwanza, ijue njia panda yenyewe

Katpadi ni makutano ya reli mbili. Moja ni reli kuu ya Chennai kwenda Bengaluru, ambayo ndiyo pia inayobeba treni za kwenda Coimbatore na Kerala. Nyingine inaikata hiyo: upande mmoja inakwenda Tirupati, upande wa pili inapita Vellore Cantonment na Tiruvannamalai hadi Villupuram. Reli kuu ni ya zamani sana. Kipande chake cha mwanzo, kutoka Royapuram pale Madras hadi Walajah Road, kilifunguliwa Julai 1856, na kilikuwa reli ya kwanza ya abiria kusini mwa India. Ile ya Villupuram kwa miaka mingi ilikuwa na upana wa mita moja, sawasawa na reli yetu ya zamani ya Mombasa na ile ya Dar kwenda Kigoma, kabla haijapanuliwa kufikia kipimo cha sasa cha India cha milimita 1,676.

Kwa msafiri, maana ya njia panda ni hii: treni nyingi hazianzii Katpadi wala haziishii hapo. Zinapita. Zinasimama dakika 2, dakika 5, kisha zinaendelea na safari ya usiku kucha. Stesheni ambayo treni inaanzia hukupa muda wa kuhangaika na mabegi. Katpadi haikupi.

Kariri vifupisho vinne, maana mashine, mbao za matangazo na tiketi hutumia hivyo. KPD ni Katpadi. MAS ni Chennai Central, herufi zilizobaki tangu mji ulipoitwa Madras. MS ni Chennai Egmore, stesheni nyingine kabisa, na treni zake nyingi zinaelekea kusini. Usiende huko kwa bahati mbaya. SBC ni KSR Bengaluru. Vellore Cantonment ni VLR, na unaweza kuisahau.

Kuchagua treni

Kutoka Chennai Central hadi Katpadi ni kama kilomita 130. Treni za haraka hutumia karibu saa moja na nusu, za kawaida saa mbili na ushee. Zipo za viti, mfano Brindavan Express ya asubuhi na Lalbagh Express ya alasiri, zote zikielekea Bengaluru. Ipo Shatabdi, treni ya haraka ya viti. Na ipo Vande Bharat, treni mpya ya kasi, ya Chennai hadi Mysuru, iliyozinduliwa tarehe 11 Novemba 2022, ya kwanza ya aina yake kusini mwa India.

Madaraja yasikuchanganye. CC ni viti vyenye kiyoyozi, na kwa safari ya saa mbili vinamtosha mgonjwa anayeweza kukaa. 2S ni viti bila kiyoyozi. SL ni vitanda bila kiyoyozi. 3A, 2A na 1A ni vitanda vyenye kiyoyozi, na kadiri namba inavyopungua ndivyo nafasi inavyoongezeka na bei inavyopanda. Mgonjwa asiyeweza kukaa mtafutie kitanda cha chini kwenye treni ya masafa marefu. Wanawake kuanzia miaka 45 na wanaume kuanzia 60 wana fungu lao la vitanda vya chini, kwa hiyo andika umri sahihi unapokata tiketi. Mama zetu wengine hupenda kujipunguzia, hapa asijipunguzie.

Lakini kuna jambo ambalo wauza tiketi hawalisemi. Kitanda ni chako cha kulalia kati ya saa 4 usiku na saa 12 asubuhi tu. Mchana, wenye vitanda vya juu wana haki ya kuketi kwenye kile cha chini. Mgonjwa akiwa hana budi kulala, waeleze wenzenu wa kibanda mapema na kwa upole. Kwenye njia hii karibu kila mtu amewahi kumleta mgonjwa Vellore, na sijaona aliyekataa.

Kukata tiketi

Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla ya safari (zamani zilikuwa 120, utaratibu ulibadilika tarehe 1 Novemba 2024). Unaweza kununua kwenye tovuti au programu ya IRCTC, kampuni ya reli inayouza tiketi mtandaoni, au dirishani ukiwa na pasipoti. Pale Chennai Central ofisi ya tiketi za kuweka nafasi iko jengo la pembeni, Moore Market Complex.

Ukinunua, usitazame bei tu. Tazama hali ya tiketi:

CNF maana yake una nafasi kamili. RAC maana yake utapanda, ila kwa madaraja ya vitanda mtakaa wawili kwenye kitanda kimoja cha pembeni hadi mtu mwingine aghairi. WL ni orodha ya kusubiri, na tiketi ya mtandaoni ikibaki WL hadi orodha ya mwisho itolewe, inafutwa yenyewe na pesa inarudi. Usijaribu kupanda nayo. Mgonjwa msafirishe kwa CNF tu. RAC ni ya vijana.

WL nazo zina tabaka. GNWL ndiyo inayosogea. PQWL na RLWL, ambazo hupewa sana wanaopandia stesheni za katikati kama Katpadi, husogea kwa shida. Ndiyo maana wazoefu wakikosa nafasi ya KPD kwenda mbali, hukata tiketi kuanzia mwanzo wa treni, mfano MAS, kisha wanabadilisha kituo cha kupandia kuwa KPD kabla ya safari. Utalipa zaidi kidogo. Usipobadilisha kituo hicho, mkaguzi anaweza kumpa mtu mwingine kiti chako, akiamini hukutokea.

Kuna tiketi za dharura ziitwazo Tatkal, zinazofunguliwa siku moja kabla: saa 4 asubuhi kwa madaraja yenye kiyoyozi, saa 5 kwa yasiyo nacho. Usizitegemee. Tangu Julai 2025, kuzinunua kwenye IRCTC kunataka akaunti iliyothibitishwa kwa Aadhaar, kitambulisho cha Wahindi, na wewe huna.

Sasa tarehe. Reli ya India husoma saa kuanzia 00:00 hadi 23:59, na tarehe hugeuka usiku wa manane. Tiketi ya tarehe 12 Machi, 00:15, ni saa 6 na robo ya usiku wa kuamkia tarehe 12. Kwa hiyo unatoka nyumba ya wageni tarehe 11, baada ya chakula cha jioni. Sisi ambao siku yetu huanza jua likizama tungepaswa kulielewa hili kuliko wote, lakini ndilo linalotuumiza, kwa sababu tunaiona 12 na tunapanga kulipa chumba hadi 12. Ukifika stesheni usiku wa tarehe 12, treni yako itakuwa imekwenda siku nzima iliyopita. Andika kwenye karatasi kwa Kiswahili: "usiku wa kuamkia". Na simu yako iwe imesogea saa mbili na nusu mbele ya saa za nyumbani.

Siku ya kutoka Chennai

Kutoka uwanja wa ndege hadi Central kuna metro ya moja kwa moja, ya baridi na ya bei ndogo. Ukiwa peke yako na begi moja, ipande. Ukiwa na mgonjwa na masanduku matatu, chukua teksi, usijitese.

Central ni stesheni ya mwisho wa reli, kwa hiyo treni huletwa mapema na unaweza kupanda kwa nafasi. Tafuta namba ya treni kwenye ubao mkubwa, maana majina hufanana. Namba yenye tarakimu 5 haifanani na nyingine. Wachukuzi wamevaa mashati mekundu na beji mkononi. Hata leo abiria huwaita "kuli", neno ambalo sisi tulilipeleka bandarini na halikurudi. Kubaliana bei kabla begi halijapanda kichwani.

Ukishakaa, mkaguzi atapita. Onyesha tiketi kwenye simu na pasipoti halisi. Nakala haitoshi.

Vande Bharat ina hatari yake: milango inajifunga yenyewe. Ndugu aliyekuja kuwasindikiza akiingia kuweka begi juu, anaweza kujikuta safarini hadi Katpadi. Waageni nje.

Kushuka Katpadi

Treni ikipita Arakkonam, jiandae kiakili. Ikipita Walajah Road, jiandae kimwili: viatu, dawa, faili la hospitali, begi la mkononi. Fuatilia kwa programu ya NTES au Where is My Train. Usitegemee kutangaziwa, treni nyingi hazisemi kitu. Dakika 10 kabla, msogeze mgonjwa karibu na mlango, na mmoja wenu awe na mabegi nyuma yake.

Mpango wa kushuka ni huu: mwenye nguvu ashuke kwanza mikono mitupu, mgonjwa afuate, mabegi ya mwisho. Watu wengi hushusha mabegi kwanza, na hapo ndipo mgonjwa hubaki ndani akitazamana na kundi la wanaopanda. Ngazi za mabehewa ya zamani ziko juu, na mtu mwenye goti bovu anahitaji wa kumpokea chini.

Utajua umefika kwa ubao wa manjano wenye maandishi meusi: Kitamili, Kihindi na Kiingereza, na chini yake kimo cha mahali kutoka usawa wa bahari. Utasikia pia spika ikitangaza kwa lugha hizo tatu, na katika Kihindi utalinasa neno "gaadi". Ndilo gari letu. Usidhani, hata hivyo, kwamba Kihindi kitakusaidia hapa. Hii ni Tamil Nadu, na Kiingereza kidogo kinakwenda mbali zaidi. Mwite dereva "anna", kaka mkubwa, na mama wa makamo "akka", dada mkubwa. Sura zinabadilika papo hapo.

Kiti cha magurudumu kipo, ila lazima kiombwe kwenye ofisi ya msimamizi wa stesheni, na ni bora ndugu mmoja atangulie kukiomba wakati mgonjwa amekaa kwenye benchi. Tarehe 26 Mei 2022 liliwekwa jiwe la msingi la kuijenga upya stesheni hii, kwa hiyo usishangae ukikuta mlango aliokuelekeza jirani umezibwa kwa mabati. Fuata umati.

Kutoka stesheni hadi kitandani

Stesheni iko kaskazini ya mto Palar, na mji wa Vellore uko kusini. Hospitali iko umbali wa kilomita 7 au 8. Palar kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, lakini daraja lake ni alama nzuri: hujavuka, hujafika.

Nje kuna bajaji nyingi. Bei taja kabla ya kupanda, na iwe ya chombo kizima, pamoja na mizigo. Mabasi ya mjini namba 1 na namba 2 yaendayo Bagayam hupita CMC na ni rahisi mno, ila hayamfai mgonjwa mwenye mabegi. Na ukipitiwa na usingizi ukafika Bagayam, umefika chuo cha udaktari cha CMC, umeipita hospitali.

Soma barua ya miadi tena kabla ya kumwambia dereva "CMC". Tangu 2022 CMC ina kampasi ya pili Ranipet, kando ya barabara kuu ya Chennai na Bengaluru, na baadhi ya idara zimehamia huko. Ikiwa miadi yako ni ya Ranipet, bora ujue kabla hujavuka Palar.

Watakaokufuata na kadi za nyumba za wageni wanalipwa kwa kila kichwa wanachopeleka. Si wezi, lakini chumba kitakuwa ghali kidogo. Weka nafasi mapema mitaa ya Gandhi Road, kwa miguu kutoka hospitali, na hakikisha nyumba hiyo inapokea wageni wa nje, maana ni lazima iwaandikishe kwa fomu ya serikali iitwayo Form C. Utaona mabango ya Kibengali kila mahali. Wagonjwa wengi wanatoka Kolkata na Bangladesh, wengine baada ya zaidi ya siku nzima ndani ya treni. Ukiwaona Katpadi wamelala kwenye mashuka alfajiri, hao ni wenzako.

Kurudi: dakika mbili za Katpadi

Hapa ndipo nilipochemsha mwenyewe. Nilikuwa na mama mkubwa, ametoka kufanyiwa upasuaji wiki mbili nyuma. Tulifika mapema, tukakaa benchi zuri chini ya feni, katikati ya jukwaa. Treni ikaingia. Behewa letu, B1, likatupita likaenda kusimama mbali kabisa mbele.

Fanya hesabu. Treni ya masafa marefu ina mabehewa hadi 24, na kila moja ni kama mita 24. Hiyo ni zaidi ya nusu kilomita. Mzima akikimbia anaweza kuimaliza kwa dakika tatu. Mtu mwenye mshono tumboni hawezi, wala usimwombe. Tuliingia mlango wa karibu na kutembea ndani, behewa hadi behewa, tukiruka miguu ya watu. Mama mkubwa hakunisemesha hadi Arakkonam.

Kwa hiyo fanya hivi. Saa moja kabla, thibitisha jukwaa. Namba yake inaweza kubadilika dakika za mwisho, na kuhamia jukwaa jingine ni kupanda daraja na kushuka, kwa hiyo jua mapema lifti au mteremko uko wapi na kama unafanya kazi siku hiyo. Ukiwa na shaka, piga 139, namba ya maulizo ya reli.

Kisha jua herufi zako. H ni behewa la 1A, A ni 2A, B ni 3A, S ni SL, C ni viti vyenye kiyoyozi, D ni 2S. Yasiyo na nafasi maalumu mara nyingi hukaa ncha za treni, na huko ndiko kuna msukumano. Usimsimamishe mgonjwa hapo.

Halafu tafuta mahali behewa lako litakaposimama. Juu ya jukwaa kuna vibao vidogo vya umeme, kila kimoja kwa nafasi ya behewa moja. Treni inapokaribia huwaka na kuonyesha: S4, S5, B1. Programu za simu pia huonyesha mpangilio, ila nimewahi kuuona umegeuzwa nyuma mbele, kichwa kikiwa upande usiotarajiwa. Kibao kikiwa kimezimwa, muulize mchukuzi. Yeye hakosei, ndiyo kazi yake, na ukimlipa abebe begi hadi mlangoni umelipia pia elimu hiyo.

Mkae chini ya kibao chenu tangu mapema, hata kama hakuna feni. Treni ikisimama, waacheni wanaoshuka wamalize, kisha mgonjwa apande kwanza huku mmoja akiwa ndani kumvuta na mwingine nje kumsukuma. Mabegi yapite mikononi baadaye. Mkiwa mmechelewa, ingieni mlango wowote ulio karibu. Ukishakuwa ndani ya treni una haki ya kutembea hadi kitini, ila ukibaki jukwaani na tiketi nzuri mkononi huna chochote.

Epuka, ukiweza, mwisho wa wiki na mkesha wa sikukuu kama Pongal katikati ya Januari au Diwali. Chuo cha VIT kiko upande huu huu wa mto, na maelfu ya wanafunzi huondoka kwa pamoja wakiwa na mabegi makubwa na miguu ya mbio.

Na kabla ya kuondoka Vellore, nunua maji, ndizi na mkate wa njiani mjini. Jukwaani utapata chai, kahawa ya maziwa ya kule kusini, vada (vitafunwa vya dengu) na maji ya Rail Neer, lakini muuzaji akipita dirishani wakati treni inaanza kusogea, chenji yako itabaki Katpadi. Shika noti ndogo.